Urais wa Marekani: mgombea wa chama cha tatu asimame kivyake au apitie chama kikubwa?

Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliposhinda umeya wa New York mwezi Novemba 2025, watu wengi wa huku kwetu walibaki na swali. Huyu ni mjamaa anayejitangaza hadharani. Ilikuwaje akagombea kwa tiketi ya Democratic, chama cha akina Clinton na Biden? Mbona jina lake lilitokea mara mbili kwenye karatasi moja ya kura, kwanza chini ya Democratic, kisha chini ya chama kidogo kiitwacho Working Families? Na Andrew Cuomo, aliyekuwa ameshindwa na Mamdani ndani ya Democratic mwezi Juni, aliruhusiwaje kurudi Novemba akiwa mgombea binafsi?

Miezi minne kabla ya uchaguzi huo, Elon Musk alikuwa ametangaza kuanzisha chama chake, America Party, na watu wakaanza kubishana kama chama kipya kinaweza kuvunja utawala wa vyama viwili. Umeya na urais ni vitu viwili, na Mamdani mwenyewe hawezi kugombea urais kwa sababu hakuzaliwa raia wa Marekani. Lakini swali la msingi ni lile lile: mwenye mawazo ambayo hayamo Republican wala Democratic, apite wapi?

Nitoe jibu langu mapema. Anayetaka kweli kuingia Ikulu, au kuyafikisha mawazo yake kwa mamilioni ya watu, apitie mchujo wa chama kikubwa. Anayetaka kujenga chama, asianzie kwenye urais. Sababu zimo kwenye hesabu na kwenye sheria za uchaguzi, na nyingi hazifanani na za kwetu.

Maneno kwanza

Vyama vikubwa ni viwili, Republican na Democratic. "Chama cha tatu" ni jina la jumla la vyama vingine vyote, kama Green na Libertarian, hata kama kimeshika nafasi ya sita. Mgombea binafsi, ambaye Kenya humwita mgombea huru, hana chama kabisa. Jimbo, katika makala haya, ni moja ya majimbo 50 ya Marekani, si jimbo la ubunge. Wajumbe wa uchaguzi ni watu 538 waliogawanywa kwa majimbo na mji mkuu, nao ndio wanaomchagua rais. Anayepata 270 ameshinda.

Neno linalohitaji kukaliwa kidogo ni mchujo, ambao Tanzania tunauita kura za maoni. Kwetu mlango wa chama unalindwa na vikao. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa lilikatwa na vikao vya CCM mwezi Julai, mwezi huo huo akahamia CHADEMA, na Oktoba jina lake likawa kwenye karatasi ya kura. Marekani mambo yote mawili yamegeuzwa. Hakuna kikao cha kukata jina la mtia nia. Wapiga kura wa kawaida ndio wanaoamua, jimbo baada ya jimbo, na serikali ya jimbo ndiyo mara nyingi inayosimamia kura hiyo. Lakini ukishindwa humo, kuhama na kugombea kwingine mwaka huo huo ni kugumu, na katika majimbo mengi sheria inakataza.

Uanachama nao ni mwepesi kuliko tunavyouelewa sisi. Mtu huweka alama kwenye kisanduku cha fomu ya kujiandikisha kupiga kura, basi. Hakuna kadi, hakuna ada, hakuna tawi la kumjadili. Vermont haina hata hicho kisanduku, na ndiyo maana Bernie Sanders, seneta wa jimbo hilo, amekaa miaka yote akiwa mbunge asiye na chama na bado akagombea tiketi ya urais ya Democratic mwaka 2016 na 2020.

Mlango huu haukuwa wazi siku zote. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, rais mstaafu, alishinda mchujo wa Republican katika mengi ya majimbo machache yaliyokuwa na mchujo, lakini mkutano mkuu ukampa tiketi William Taft aliyekuwa madarakani. Hata mwaka 1968 Hubert Humphrey alipewa tiketi ya Democratic bila kuingia kwenye mchujo. Hasira za mwaka ule zililazimisha kanuni kuandikwa upya, na kuanzia 1972 mshindi wa mchujo ndiye kwa kawaida anayepewa tiketi. Mwaka 2024 ulikuwa wa pekee, kwa sababu Biden alijitoa baada ya mchujo kwisha. Kwa hiyo anayesema "vigogo wa chama hawatakubali" anaielezea Marekani ya mwaka 1912.

Basi la kwenda Arusha

Tuseme basi limetoka Dar kwenda Arusha na abiria 60, na dereva atasimama mara moja tu kwa chakula. Abiria 26 wanataka Mombo, 20 wanataka Korogwe, 14 wanataka Segera. Mwenye wengi anashinda, hakuna kurudia kura. Basi litasimama Mombo, ingawa abiria 34 wana njaa na walitaka kula mapema, maana Segera na Korogwe zote ziko kabla ya Mombo. Wenye njaa walikuwa wengi, ila waligawana.

Sasa wenye njaa wangekaa pembeni kwanza, wakapigiana kura kati ya Segera na Korogwe, kisha wote 34 wakamwendea dereva na jina moja, wangekula Korogwe. Kile kikao cha pembeni ndicho mchujo. Na mtu wa Segera anaweza kuwashawishi wenzake humo ndani bila kumpa Mombo ushindi wa bure.

Kenya ina dawa ya tatizo hili kwenye Katiba ya 2010: rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, ikishindikana, wawili wa juu wanarudia. Marekani haina duru ya pili ya urais. Katika majimbo 48 na mji mkuu, anayeongoza hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote wa jimbo. Ni Maine na Nebraska tu zinazogawa baadhi ya wajumbe wao kwa wilaya za ubunge.

Matokeo yake yanashangaza mpaka uyaweke pamoja. Mwaka 1992 Ross Perot, tajiri wa Texas aliyegombea akiwa binafsi na kutumia zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni mwake, alipata karibu asilimia 19 ya kura za nchi nzima. Wajumbe aliopata: sifuri. Mwaka 1968 George Wallace alipata asilimia 13.5 tu, lakini akapata wajumbe 46. Kura za Wallace zilirundikana katika majimbo ya Kusini, akaongoza matano. Za Perot zilitapakaa kila mahali, na hakuna jimbo alilokuwa wa kwanza. Mfumo huu humlipa mgombea wa eneo moja na kumwadhibu mwenye wafuasi kila kona.

Wapo wanaosema mgombea wa tatu hahitaji kushinda, atosheke kuwazuia wenzake wasifikishe 270 kisha aanze kudai masharti. Lakini ikifika hapo, Baraza la Wawakilishi ndilo linalomchagua rais kati ya watatu wa juu. Kila jimbo lina kura moja, California sawa na Wyoming, na zinazohitajika ni 26. Wabunge hao ni wa vyama viwili vikubwa. Mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura na kwa wajumbe, bado Baraza likamchagua John Quincy Adams.

Kazi ya saini

Hapa ndipo fedha na muda vinapoishia, ingawa wasomaji wengi hawapajui vizuri. Marekani haina tume moja ya taifa inayotoa fomu ya urais. Kila jimbo lina sheria yake ya nani aingie kwenye karatasi ya kura. Mgombea wa chama kikubwa huingia kwa barua ya chama chake. Wa tatu hutafuta wadhamini, jimbo kwa jimbo.

Tennessee ni nafuu: saini 275 zinamtosha mgombea binafsi. Kwa uchaguzi wa 2024, Texas ilitaka 113,151, na zisiwe za mtu aliyepiga kura kwenye mchujo wa chama chochote mwaka huo. California ilitaka zaidi ya 219,000. New York inataka 45,000 ndani ya majuma sita, zikiwemo angalau 500 kutoka kila wilaya ya ubunge, katika nusu ya wilaya zote. Wenye uzoefu hukusanya mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa, kwa sababu saini hufa kwa vitu vidogo: anwani ya zamani, mtu aliyesaini mara mbili, mtu asiyejiandikisha, mwandiko usiosomeka. Wakusanyaji wengi hulipwa, na majimbo makubwa humaliza mamilioni ya dola kabla mgombea hajahutubia mkutano hata mmoja.

Kisha yanakuja mapingamizi. Mwaka 2024 mgombea binafsi Robert F. Kennedy Jr. alienguliwa New York, pamoja na saini zake zote, kwa sababu jaji aliona anwani aliyoijaza si makazi yake ya kweli. Nevada mwaka huo huo, chama cha Green kilikusanya saini kwa kutumia fomu isiyo sahihi, sampuli iliyotumwa kwao na mtumishi wa ofisi ya jimbo yenyewe. Mahakama ya Juu ya Nevada ikamwengua Jill Stein, mgombea wa chama hicho. Kosa halikuanzia kwao, na wapiga kura wa Nevada wakakosa kumwona kwenye karatasi. Naliona jambo hilo ni dhuluma, lakini anayepanga kugombea lazima apange kwa sheria zilizopo.

Juu ya hayo kuna mdahalo. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2020 mgombea alitakiwa awe na wastani wa asilimia 15 katika tafiti tano za kitaifa za maoni ya wapiga kura ndipo aingie kwenye mdahalo wa televisheni. Perot aliingia 1992. Mwaka 1996, akiwa na chama chake cha Reform, aliachwa nje, akaishia asilimia 8. Tangu hapo hakuna mgombea wa tatu aliyepanda jukwaa hilo.

Mtu mmoja, njia mbili

Ushahidi mzuri zaidi ni wa watu waliojaribu njia zote mbili wakiwa na mawazo yale yale. Ron Paul wa Texas aligombea urais mwaka 1988 kwa tiketi ya Libertarian, akapata kama kura 432,000. Mwaka 2012 aliingia mchujo wa Republican na hotuba zile zile za kupunguza serikali na kurudisha majeshi nyumbani, akapata takriban kura milioni 2. Mchujo hupigiwa kura na watu wachache sana kuliko uchaguzi mkuu, kwa hiyo tofauti halisi ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Na alisimama kwenye midahalo ya televisheni, usiku baada ya usiku, kitu ambacho Libertarian haikuweza kumpa.

Pat Buchanan alienda kinyume. Mwaka 1996 alishinda mchujo wa Republican wa New Hampshire na kukusanya zaidi ya kura milioni 3 nchi nzima. Mwaka 2000 akahamia Reform, akapewa dola milioni 12.6 za serikali zilizotokana na kura za Perot wa 1996, akaambulia asilimia 0.4. Na wakati wa kuisaka tiketi hiyo ya Reform, alikuwepo mtia nia mwingine aliyejitoa Februari 2000 baada ya kukiona chama kinasambaratika kwa ugomvi. Jina lake Donald Trump. Miaka 16 baadaye aliingia mchujo wa Republican, vigogo wengi wa chama wakampinga, akawashinda wote, akawa rais.

Sanders hakushinda, lakini angalia alichopata. Mwaka 2016 zaidi ya watu milioni 13 walimpigia kura kwenye mchujo. Stein, aliyekuwa na sera zinazokaribiana na zake, alipata chini ya milioni 1.5 kwenye uchaguzi mkuu. Kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa kikaingia kwenye ilani ya Democratic ya mwaka huo. Mwaka 2018 chama kikakubali kuwaondolea wajumbe vigogo, wale wasiofungwa na matokeo ya mchujo, haki ya kupiga kura katika duru ya kwanza ya mkutano mkuu unaogombewa.

Mchujo nao una mitego

Nisipambe. Mchujo humshinda mtu kwa tarehe kuliko kwa hoja. New Hampshire inataka tamko na dola 1,000 tu, lakini dirisha la fomu hufungwa zaidi ya miezi miwili kabla ya kura. Virginia mwaka 2012 ilitaka saini 10,000, zikiwemo 400 kutoka kila wilaya ya ubunge. Kati ya wagombea wote wa Republican, ni Mitt Romney na Ron Paul peke yao walioingia kwenye karatasi. Democratic humnyima wajumbe wa mkutano mkuu, wale wanaotoa tiketi, mgombea asiyefikisha asilimia 15 katika jimbo au wilaya, na tangu 2018 humtaka athibitishe kwa maandishi kwamba yeye ni wa chama hicho na ataongoza akiwa wa chama hicho.

Mtego mkubwa kuliko yote ni wafuasi. Mgombea anayetoka nje huvuta watu wasio na chama, na majimbo kadhaa huwafungia watu hao mlango wa mchujo. New York ilipiga mchujo tarehe 19 Aprili 2016, lakini aliyekuwa ameshajiandikisha bila chama alitakiwa awe amebadilisha fomu yake kufikia tarehe 9 Oktoba 2015, miezi sita kabla. Vijana wengi wa Sanders walimfahamu baada ya tarehe hiyo. Walihudhuria mikutano yake kwa maelfu na siku ya kura hawakuwa na haki.

Halafu kuna sheria ya aliyeshindwa. Gary Johnson, gavana mstaafu wa New Mexico, aliacha mchujo wa Republican mwishoni mwa 2011 akahamia Libertarian. Barua yake ya kuondoa jina kwenye mchujo wa Michigan ilifika dakika tatu baada ya saa ya mwisho. Jina likabaki kwenye karatasi ya Republican, na Novemba 2012 Michigan ikamkatalia kuwa mgombea wa chama kingine. Cuomo aliweza kurudi kwa sababu sheria ya New York inaruhusu. Kwa hiyo "nijaribu kwanza huku, nikishindwa nitahama" si mpango wa kuaminika kwa nchi nzima. Kennedy alihama Democratic Oktoba 2023, kabla mchujo haujaanza, na ndiyo maana aliweza kuhama. Alipojitoa Agosti 2024 ili amuunge mkono Trump, Michigan na Wisconsin zilikataa kulifuta jina lake, likabaki mpaka siku ya kura.

Yanayosemwa vibaya

Husemwa Perot ndiye aliyemwangusha Rais Bush mkubwa, wa Republican, mbele ya Bill Clinton mwaka 1992. Wapiga kura wa Perot waliohojiwa wakitoka vituoni waligawanyika karibu nusu kwa nusu walipoulizwa wangemchagua nani kati ya Bush na Clinton. Dai hilo halisimami.

La Ralph Nader, mgombea wa Green anayelaumiwa kumkosesha Al Gore wa Democratic urais mwaka 2000, ni tofauti. Si kweli kwamba kura zake zote zilikuwa za Gore. Wengine wasingepiga kura kabisa, wengine wangempa Bush mdogo, mgombea wa Republican. Lakini Florida Nader alipata kura 97,488, na Bush aliongoza kwa 537. Hapo hata mwegemeo mdogo ungebadilisha rais.

Na husemwa Lincoln, rais wa kwanza wa Republican, alikuwa wa chama cha tatu. Republican kilianza 1854 wakati Whig, kimoja cha vyama viwili vikubwa vya wakati huo, kikifa, na kufikia uchaguzi wa 1856 tayari kilikuwa cha pili. Kiliziba pengo lililoachwa wazi. Leo hakuna pengo la namna hiyo.

Hoja ya upande wa pili

Chama kidogo kikimbeba mgombea wa chama kikubwa, kinaweza kumezwa. Chama cha Populist, cha wakulima waliokuwa wamelemewa na madeni, kilipata kura zaidi ya milioni moja na wajumbe 22 mwaka 1892. Mwaka 1896 Democratic ilimteua William Jennings Bryan, na Populist wakamteua huyo huyo, wakabadilisha tu mgombea mwenza. Bryan akashindwa, na Populist haikuinuka tena. Kodi ya mapato na kura ya wananchi kwa maseneta, mambo waliyoyapigania, yaliingia kwenye Katiba 1913 mikononi mwa wengine. Mkulima aliyetaka sera alipata sehemu ya alichotaka. Aliyetaka chama alikipoteza.

Kuna pia sababu ya kisheria ya kusimamisha mgombea hata ukijua utashindwa: majimbo mengi hukiondolea chama nafasi yake ya kudumu kwenye karatasi kisipofikisha kura fulani. New York iliongeza kiwango mwaka 2020 hadi kura 130,000 au asilimia 2, kipi ni kikubwa, kila baada ya miaka miwili. Green na Libertarian, waliosimamisha watu wao, wakapoteza nafasi. Working Families wakamweka Joe Biden kwenye mstari wao, kwa kuwa New York ni moja ya majimbo machache yanayoruhusu mgombea mmoja kubebwa na vyama viwili. Zaidi ya watu 380,000 wakampigia Biden kwenye mstari ule badala ya ule wa Democratic, na chama kikabaki. Ni mstari huo huo ambao Mamdani alitokea kwa mara ya pili mwaka 2025.

Kwa anayeifikiria 2028, uamuzi unaangukia vuli ya 2027, fomu za mchujo wa New Hampshire zitakapofunguliwa. Akichagua kusimama kivyake, wakusanyaji wa saini wa Texas lazima wawe tayari mara tu mchujo wa jimbo hilo ukimalizika, na watapewa miezi kama miwili.